UZI: Miaka saba nikishika daftari la michango. Tunatoa kwa moyo, lakini hela haiendi panapookoa zaidi

Mhazini wa Zamani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Kuanzia 2016 hadi 2023 nilikuwa mhazini wa kundi letu la WhatsApp la waliosoma pamoja sekondari. Tulikuwa watu 84: wengi Dar, wengine mikoani, watatu Muscat, mmoja Minnesota. Kila mchango ulioingia niliuandika kwa mkono kwenye daftari la kaunta, maana mwaka wa kwanza niliibiwa simu na kumbukumbu zote zikapotea. Daftari ninalo mpaka leo. Wiki iliyopita nimelifungua, na kurasa mbili zinazotazamana zimeninyima usingizi.

Ukurasa wa kushoto, Juni 2019. Mwenzetu mmoja alirusha picha ya mtoto wa jirani yake, miaka minne, mwenye tundu kwenye moyo. Amekaa kwenye mkeka, ncha za vidole zimegeuka rangi ya bluu. Ndani ya siku mbili zikaingia shilingi 3,410,000. Watu walituma usiku wa manane. Yupo aliyetuma mara tatu.

Ukurasa wa kulia, Julai 2019. Dada yetu mmoja, muuguzi huko kanda ya magharibi, aliandika ujumbe mfupi usio na picha: kuna wanawake wanane wenye fistula, lile jeraha la uzazi, vijijini kwao, upasuaji ni bure, kilichowakwamisha ni nauli. Shilingi 70,000 kwa kila mmoja, jumla 560,000. Baada ya wiki tatu zilikuwa zimeingia 95,000. Nauli ya mtu mmoja, na chenji.

Watu ni wale wale, na wamepishana mwezi mmoja tu. Mtoto alifanyiwa upasuaji, leo anasoma, na kila nikimkumbuka nafurahi. Lakini wanawake saba walibaki nyumbani mwaka ule, na siwezi kusema kundi letu ni la wabahili. Ukurasa wa kushoto unakataa.

Basi nikaanza kusoma. Watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha jaribio mwaka 2007. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso lisilohusiana na misaada, kisha wakapewa barua ya kuomba mchango. Kundi moja lilisoma habari za Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali. Kundi la pili lilisoma takwimu za mamilioni ya wenye njaa Malawi, Zambia, Angola na Ethiopia. Hela zote zilikuwa zinaenda kwa shirika lile lile. Waliosoma habari za Rokia walitoa wastani wa dola 2.38, waliosoma takwimu dola 1.14. Sasa sikilizeni hapa: kundi la tatu lilipewa Rokia pamoja na takwimu. Likatoa dola 1.43. Yaani ukimweka Rokia karibu na wenzake wanaoteseka kama yeye, hata yeye mwenyewe anapungukiwa.

Kuna jingine la miaka ya mwanzo ya 1990. Watu waliulizwa wangetoa kiasi gani kuwaokoa ndege wanaohama wasizame kwenye mabwawa ya mafuta. Walioambiwa ndege 2,000 walisema dola 80. Walioambiwa 20,000 walisema dola 78. Walioambiwa 200,000, dola 88. Idadi imezidishwa mara mia, na mkono haukujongea.

Nilipoyasoma hayo nikaona daftari langu lote. Moyo wetu unahesabu mpaka moja, zaidi ya hapo ni ukungu. Na ile moja yenyewe lazima ionekane kwa macho.

Bibi Mwenye Nyumba

Mleta uzi, nimekusoma kwa utulivu, lakini roho yangu haijakubali. Mimi nimelelewa kwamba wa kwanza ni aliye mlangoni kwako. Jirani akiugua nichukue kikokotoo nipime kama kuna wanane mahali wanaookoka kwa bei yake? Siku tukianza hivyo, hapa mtaani hakuna atakayemzika mwenzake.

Mhazini wa Zamani

Mama, shikamoo. Kwa jirani na kwa msiba sina neno. Hiyo ni deni la kuishi pamoja, leo kwako kesho kwangu, na nitaendelea kulilipa. Mimi nazungumzia ile hela tunayoitoa tukisema "nataka kusaidia", ambayo ni ya yeyote, na inaishia kwa aliyepigwa picha vizuri. Mtoto wa Juni 2019 hakuwa jirani wa watu 83 kati yetu. Alikuwa mbali na sisi sawasawa na wale wanawake.

Tena tofauti siyo ndogo. Mtafiti Lucius Caviola na wenzake waliwauliza watu wa kawaida wakadirie shirika bora la kuwasaidia maskini wa dunia linalishinda la wastani mara ngapi. Jibu la wengi lilikuwa kama mara moja na nusu. Wataalamu walikadiria mara 100. Kama unadhani tofauti ni ya moja na nusu, ya nini kujisumbua? Toa popote. Ukijua huenda ni ya mia, unasimama kwanza.

Nesi wa Zamu

Mkuu, naomba niingie hapa, maana ule ujumbe wa Julai ni wangu. Nilijiunga humu jana baada ya kutumiwa huu uzi.

Sikuwaeleza hesabu ya zile 70,000 ilitoka wapi. Nauli kutoka kijijini mpaka hospitali ilikuwa 11,000. Mgonjwa mmoja, msindikizaji mmoja, kwenda na kurudi, ni 44,000. Hizo nyingine ni kwa sababu mwenye fistula anakatiwa siti mbili.

Mkojo unamtoka bila kukoma. Anajifunga vitenge vitatu na nailoni juu yake, na basi likipata jua la saa sita harufu inatoka. Abiria wa pembeni analalamika, konda anamwambia ashuke. Nimemsindikiza mmoja aliyeshushwa mara mbili katika safari moja. Baadaye tukajifunza: kata siti mbili, akae dirishani, ya pili ibaki tupu. Kwa hiyo siti sita, 66,000, na 4,000 ya bodaboda kutoka stendi.

Sikuandika hayo kundini. Mngeona picha, hela ingekuja, najua. Lakini yule ni mwanamke ambaye alikaa na uchungu siku mbili au tatu, mara nyingi mtoto kafia tumboni, na mume kamrudisha kwao. Nimrushe picha kwa watu 84 ili apewe 70,000? Niliona aibu kwa niaba yake.

Mhazini wa Zamani

Dada, umenipiga panapouma. Ungetuandikia hivi 2019 hela ingetimia siku hiyo hiyo. Na haukupaswa kutuandikia hivi.

Nadhani hili ndilo nililokuwa nalitafuta bila kulipata jina. Tunadai tuonyeshwe kwanza. Mhitaji lazima ajianike ndipo moyo ufunguke, na wenye shida nzito zaidi ndio wasioweza kuanikwa: mwenye fistula, mgonjwa wa akili, aliyebakwa. Tena wapo wasio na sura kabisa. Mtoto ambaye chandarua kimemkinga na malaria hana picha, maana hakuugua, wala hajui kwamba aliokolewa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Chandarua chenye dawa, pamoja na gharama ya kukifikisha, ni kama dola 5 au 6. Nimepekua daftari zima, miaka saba: mchango wa chandarua hata mmoja hakuna.

Kuhusu siti mbili, kuna jambo watu wajue. Hospitali ya CCBRT pale Dar waligundua kitu hicho hicho: matibabu ya fistula ni bure, wagonjwa hawaji. Mwaka 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wa vijijini, balozi anamkatia mgonjwa tiketi na kumpandisha basi. Nauli tu. Tafuteni hafla yoyote ya hisani mlikowahi kusikia watu wakipiga makofi kwa ajili ya tiketi ya basi.

Fundi wa Pampu

Mimi ni fundi maji vijijini, mwaka wa kumi na nne huu. Acheni niwaambie ya visima.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji iliorodhesha vituo vyote vya maji vijijini, ikakuta zaidi ya theluthi havifanyi kazi. Kwenye kata yangu nimeviona kwa macho. Pampu ya mkono inakufa kwa sababu ya washa ya mpira iliyochakaa, kitu kinachoingia kwenye kiganja. Washa na posho yangu ya siku haifiki 40,000. Naandika barua kwa wafadhili walioweka jina lao kwenye zege la kisima kile kile. Jibu: tunachangia visima vipya tu. Baada ya mwaka anakuja mwingine anachimba mita mia mbili kutoka pale, anazindua, ngoma zinapigwa, na cha zamani kimesimama pale na jina la watu.

Mtu anataka aseme "nilijenga". "Nilibadilisha washa" haisemeki kwenye hotuba.

Mwana wa Ziwa

Nawasalimu kutoka Siaya, Kenya. Hiyo stori ya fundi inanikumbusha zile pampu za bembea za Afrika Kusini, watoto wanazungusha bembea maji yanapanda. Picha zake zilikuwa tamu sana. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili binafsi wakatangaza ufadhili wa dola milioni 16.4, lengo pampu 4,000 kufikia 2010. Gazeti la Guardian la Uingereza likapiga hesabu: kufikisha maji yaliyoahidiwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Kina mama ndio walioishia kuisukuma.

Lakini nilitaka kuongeza kizuizi kingine: hatumwamini maskini na pesa. Hapa kwetu GiveDirectly, shirika linalowapa maskini pesa taslimu, walitoa karibu dola 1,000 kwa kaya zaidi ya 10,500, utafiti ukafanywa katika vijiji 653. Wengi tulisema zitaishia kwenye chang'aa. Watafiti walifuatilia, wakaona kila dola iliyoingia ilizalisha kama dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo, na hata majirani ambao hawakupewa maisha yao yalisogea. Mama mkubwa wangu aliezeka mabati na kununua ndama. Shaka iko pande zote mbili, maana Homa Bay karibu nusu ya watu waliokuwa wapewe mwaka 2015 walikataa, wakisema pesa ya bure ni ya shetani.

Jamaa wa Kimara

Yote sawa, ila tuongee ukweli. Nimeshachangia mara ngapi hela ikaliwa? Mara ya mwisho tulichangia kituo fulani, miezi miwili mbele mwenyekiti wa kamati akabadilisha gari. Sitaki hela yangu iende mishahara na posho. Nataka shilingi mia ifike mia.

Bin Makame

Assalaam alaykum. Nipo Unguja. Ndugu yangu wa Kimara, wizi ni wizi na mwizi ashitakiwe. Lakini usimtie mfanyakazi kapu moja na mwizi. Waislamu tunatoa zaka, asilimia mbili na nusu ya mali iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachopasa zaka, na kupitiwa na mwaka. Aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahiki. Baada tu ya mafukara na masikini, fungu la tatu ni wanaozitumikia, yaani wanaozikusanya na kuzigawa. Hata awe si masikini, ana haki yake humo, kwa sababu zaka haitembei yenyewe. Miye nilikuwa na fikra kama yako mpaka maalimu wetu alipotusimamisha kwenye fungu hilo darsa nzima.

Mhazini wa Zamani

Bin Makame, ahsante sana. Hilo sijawahi kulisikia likisemwa kwenye mjadala wa michango.

Ndugu wa Kimara, hofu yako haikutoka hewani na sitaki kuipuuza. Mwenye kuibiwa ana haki ya kuogopa. Ila angalia swali tunalouliza. Tunauliza "asilimia ngapi imeenda kwenye mishahara?" badala ya "wangapi wamepona?" Kituo kinaweza kukuambia asilimia sifuri na kisiponye mtu. Nesi aliyemfuata mgonjwa kijijini mara tatu mpaka akakubali kusafiri ni mshahara huyo. Fundi wa washa ni posho hiyo.

Nami nikiri la kwangu. Desemba 2018 niliongoza kundi kwenda kituo cha watoto yatima. Tulibeba unga, sabuni katoni kumi na mbili, biskuti, soda, tisheti zetu zimeandikwa jina la kundi. Tukapiga picha na watoto. Mama mlezi akaniomba nimsaidie kupeleka mzigo stoo. Alipofungua mlango, sabuni zilikuwa zimepangwa mpaka dirisha limezibwa. Katoni za chini zimelowa, zimeshikana kama tofali. Akasema kwa upole, "Kila Desemba mwanangu, wanakuja kumi na wanne." Nikamuuliza anahitaji nini hasa. Akajibu: bima za watoto. Toto Afya Kadi wakati ule ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Nikarudi kundini nikaliwasilisha. Mmoja akaniandikia, namnukuu kutoka kwenye simu yangu: "Sasa hapo tutapiga picha na nini?" Hakuwa na nia mbaya. Sote tulikuwa tunawaza hivyo, yeye ndiye aliyelisema. Mwaka uliofuata tulipeleka sabuni.

Na kuna wakati. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Tahadhari za njaa ya Somalia zilianza kutolewa Agosti 2010. Mvua za mwisho wa mwaka zikakosekana, tahadhari zikarudiwa. Hela kubwa ilikuja Julai 2011, baada ya Umoja wa Mataifa kutangaza baa la njaa tarehe 20 na picha za kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, kujaa kwenye televisheni. Waliokufa walikadiriwa kuwa 258,000, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano, na karibu nusu ya vifo hivyo vilitokea kabla ya tangazo. Agosti 2010 ng'ombe alikuwa bado anatembea. Hakukuwa na cha kupigwa picha.

Mwana wa Ziwa

Mwezi huo huo wa saba sisi tulifanya mchango wa Kenyans for Kenya kwa ajili ya wenye njaa Turkana, lengo shilingi milioni 500, na watu walitoa hata shilingi kumi kwa M-Pesa. Nilikuwa fomu ya tatu, nikatoa ya chakula cha mchana na nikajivunia sana. Leo najiuliza Januari ya mwaka ule nilikuwa wapi.

Bibi Mwenye Nyumba

Nimesoma yote, na la yule dada wa siti mbili limenitoa machozi. Haya, mleta uzi, tufanyeje? Moyo huu ndio tuliopewa.

Mhazini wa Zamani

Mama, sitaki kuung'oa. Nitakwambia tulichofanya, maana mwaka 2021 tulibadilika kidogo.

Tulikubaliana kwenye kikao cha Januari, watu wametulia, hakuna picha, hakuna anayelia: kila mwanachama 5,000 kwa mwezi, na nusu ya kila kinachoingia ni ya moyo, nusu ya hesabu. Ya moyo mtu akirusha picha tunatoa, hakuna maswali. Ya hesabu inaamuliwa mara mbili kwa mwaka na watu watano, na sharti ni moja: huruhusiwi kuleta picha. Unaleta gharama, unaleta idadi, unaleta mtu wa kumpigia simu baadaye. Nilidhani watu watagoma. Hawakugoma. Baadaye nikakuta Caviola na mtafiti mwenzake Joshua Greene walichapisha mwaka 2023 kwamba watu wengi wanakubali kugawa: sehemu kwa shirika wanalolipenda, sehemu kwa lile linalofanya zaidi kwa kila dola. Ukimwambia mtu aache anachopenda, anakukimbia. Ukimwambia agawe, anatulia.

Fungu la kwanza la hesabu, Juni 2021, lilikuwa nauli. Nikampigia nesi kumuuliza wale saba wako wapi. Mengine aseme mwenyewe kama anaridhia.

Jamaa wa Kimara

Mwaka 2023 mlimwachia nani daftari? Na hiyo "mtu wa kumpigia simu baadaye", mlikuwa mnapiga kweli?

Mhazini wa Zamani

Mhazini wa sasa ni mdogo wangu kimasomo, anatumia jedwali la kompyuta. Simu tulipiga. Kati ya maombi kumi na moja ya miaka miwili, mawili simu haikupokelewa, tukayaandika hivyo na hatukurudi kwao tena.

Nesi wa Zamu

Naridhia, bila majina.

Mmoja alifariki Machi 2020, ni figo. Mmoja alihama na hakuna anayejua alikokwenda. Watano walisafiri Julai na Agosti 2021. Wanne walipona kwa upasuaji mmoja, mmoja alirudiwa mara ya pili na sasa anaendelea vizuri.

Yule aliyeshushwa basi mara mbili alikuwa kati ya hao wanne. Siku ya kuruhusiwa tulifika stendi, nikatoa hela ya siti tatu kama kawaida. Akanishika mkono dirishani pa tiketi, akamwambia karani, "Mbili tu. Yangu na ya mama." Ile 11,000 iliyobaki akanikabidhi niirudishe kwa waliotoa. Mhazini, angalia daftari lako, Agosti 2021.

Mhazini wa Zamani

Ipo. Tarehe 19, mstari wa nne kutoka chini. Nilikuwa nimeandika "chenji" tu.